Mboni, Tochi na Simu

Mtu wa boda boda akianguka Machakos na kufikishwa hospitali hajitambui, atamulikwa tochi machoni mapema sana. Mboni zikisinyaa zote mbili, afadhali. Moja ikibaki imetanuka, huenda ubongo umevimba na unabana mshipa wa fahamu wa jicho. Hapo ni mbio.

Kipimo hiki ni cha kale. Mwaka 1751 Robert Whytt, daktari wa Edinburgh, alieleza kwamba mboni husinyaa bila mtu kuamua, na kwamba habari ya mwanga hupitia kwenye ubongo. Tangu hapo vifaa vimebadilika, kuanzia mshumaa hadi tochi, lakini anayehukumu ni yule yule: jicho la daktari. Mmoja akisema mboni “inajivuta”, mwenzake anaweza kusema iko sawa.

Ndiyo maana simu ikaingia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitangaza PupilScreen: taa ya simu inamulika, kamera inarekodi, programu inapima.

Kumbe kuna shida. Kwa kamera ya kawaida, mboni nyeusi ndani ya jicho la kahawia iliyokolea haionekani vizuri. Mwaka 2022 watafiti wa San Diego walitumia kamera ya simu inayonasa mwanga wa infraredi, ambao sisi hatuuoni, ili mboni ijitokeze hata kwenye macho meusi.

Macho ya wengi Machakos ni hayo hayo. Kwa hiyo programu kama hii ikiletwa, tuulize kwanza: ilijaribiwa kwa macho ya nani?