Wari Si Mita: Kitambaa cha Harusi na Vipimo vya Kariakoo



Mwaka wetu wa kwanza wa biashara tulivuka bahari kwenda Kariakoo kununua satini ya wasichana wanane wa kumsindikiza biharusi. Kila gauni lilitaka mita 4. Dukani tukasema, "Tukatie thelathini na mbili," tukalipa, tukapanda boti. Kwenye meza ya kukatia, kitambaa kikatosha magauni saba tu.

Hatukuibiwa. Muuzaji alikata wari, sisi tulihesabu mita. Wari 32 ni mita 29 na sentimita 26.

Mkanganyiko huu ni wa zamani. Bibi zetu walipima kwa mwili: shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, mkono ni kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 2 ni kama wari 1, mikono 4 ni pima. Merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, kilipoingia Zanzibar kwa wingi enzi za Sayyid Said, aliyefunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, kiliuzwa kwa vipimo hivyo. Shuka ilikuwa mikono 4, doti mikono 8, yaani wari 4. Leo tukisema doti tunakusudia kanga mbili, lakini zamani neno hilo lilikuwa kipimo.

Dar es Salaam nayo ilipita mikono miwili ya wakoloni. Wajerumani walikuwa watu wa mita. Mwaka 1916 Waingereza wakauteka mji, na kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo. Waingereza walikuja na futi na inchi zao. Baada ya uhuru nchi ikahamia mita, lakini vitambaa havikuhama vyote. Mpaka leo kitenge huuzwa kwa wari 6, na futikamba ya fundi ina inchi upande mmoja, sentimita upande wa pili.

Tangu makubaliano ya mwaka 1959 baina ya Marekani, Uingereza na nchi nyingine, hesabu ni hii:

Inchi 1 = sentimita 2.54
Futi 1 = inchi 12 = sentimita 30.48
Wari 1 = futi 3 = inchi 36 = sentimita 91.44

Kugeuza wari kuwa mita, zidisha kwa 0.9144. Kugeuza mita kuwa wari, gawanya kwa hiyo hiyo. Gauni la mita 5 linataka karibu wari 5 na nusu. Ukichukua wari 5, umepungukiwa sentimita 43, na hapo mikono ya gauni lako la stara imekwenda.

Biharusi, usitaje namba tupu dukani. Sema "mita" au "wari", na kitambaa kipimwe ukiona. Nasi tunaouza, Suratul Mutaffifin inatuonya juu ya kupunja vipimo. Kumwacha mteja akidhani anapata mita ilhali tunakata wari, tujihadhari nako.

Yule binti wa nane? Tulirudi Kariakoo kwa gharama zetu, tukakuta jora la rangi ile limekwisha. Akavaa rangi nyingine, na katika picha zote anasimama pembeni.

Wabillahi tawfiq.