Kwato za Ng'ombe wa Uani

Kazi yangu ni kukata kwato za ng'ombe. Nimeifanya tangu ujana, kuanzia Mbagala na Toangoma upande wa Temeke hadi Wazo na Bunju upande wa Kinondoni, nikipitia Goba, ambako zamani nako kulikuwa Kinondoni kabla Ubungo haijawa manispaa. Wenye mifugo huniita fundi. Wakiniita daktari nakataa, maana daktari wa mifugo amesomea mengi ambayo mimi siyajui. Nataka kueleza jinsi kazi hii ilivyofika Dar es Salaam, maana mji huu kwa asili haukuwa wa ng'ombe.

Pwani hii ilikuwa ya mbung'o. Ng'ombe aliyeingia vichakani aliugua nagana akafa, ndiyo maana Wazaramo walishika zaidi jembe kuliko fimbo ya kuchungia. Wageni walijaribu wanyama wa kila aina. Mwaka 1879 msafara uliogharamiwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji ulishusha tembo wanne wa Kihindi pale Msasani, ili ionekane kama wao wangebeba mizigo hadi bara bila kudhurika. Ni mmoja tu aliyefika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliwafukuza Wajerumani kwa askari wa farasi, na wanyama wakafa kwa maelfu. Mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika, watu waliokufa kwa njaa na maradhi bila hata kaburi lenye jina. Kambi yao ndiyo iliyotuachia Kariakoo. Kila ninapopita pale nawakumbuka.

Kwa hiyo kazi ya kwato haikuja kwetu na farasi kama ilivyokuwa Ulaya. Wala haikuja na ng'ombe wa Wagogo au Wamasai wanaoletwa mnada wa Pugu. Hao hawahitaji fundi. Wanatembea kutwa juu ya changarawe na udongo mgumu, na ardhi yenyewe inawakata kwato.

Iliyoleta kazi hii ni njaa ya wafanyakazi. Miaka ya 1980 mshahara wa serikali haukumfikisha mtu mwisho wa mwezi. Sukari, sabuni na mchele vilikuwa vya foleni. Walimu, makarani, wauguzi, hata wakubwa wa wizara, wakaanza kutafuta mradi wa nyumbani. Wengine walifuga kuku, wengine walijenga banda uani wakaweka ng'ombe wa maziwa. Mitamba chotara na Friesian waliletwa kutoka nyanda za juu na mashamba ya serikali, mbali na joto letu. Utawala wa Mzee Mwinyi ulipoanza mwaka 1985 watu walipumua, na maziwa ya uani yakawa biashara ya wazi. Wengi waliokuwa wakiyauza ni akina mama, nao ndio walionilipa kwanza. Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mijini, mtu akaruhusiwa ng'ombe wasiozidi wanne, wafugwe bandani, wasizurure.

Bandani ndipo matatizo ya kwato yalipoanzia. Ukwato wa ng'ombe hukua kama milimita 5 kwa mwezi. Mnyama anayesimama miaka mitatu juu ya sakafu ya saruji iliyolowa mkojo hana pa kuzipunguzia kwato zake. Kwato zinarefuka mbele zikapinda juu, uzito wote ukaangukia kisiginoni. Tena majani mjini ni ya kununua, vijana wanayaleta kwa baiskeli, basi mfugaji anajazia pumba, mashudu na machicha ya bia. Vyakula hivyo vikizidi, tumbo linachacha, mishipa midogo ya damu ndani ya ukwato inadhurika, na ukwato unaoota baada ya hapo unakuwa laini.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mstaafu aliyefanya kazi maabara ya mifugo pale Temeke Vetenari. Vifaa vyake vilikuwa kisu cha kwato chenye ncha iliyokunjwa, koleo refu, tupa na kamba ya katani. Alinifundisha njia ya Kiholanzi, iliyopangwa vizuri na Toussaint Raven wa Utrecht. Kila mguu una kwato mbili. Kwa miguu ya nyuma unaanza na ukwato wa ndani, unauacha na urefu wa sentimita saba na nusu mbele, kisha ule wa nje unaufuatisha huo, mpaka zote mbili zibebe uzito sawa. Unyayo hauruhusiwi kuwa mwembamba kuliko milimita 5. "Usikate kwa macho, kata kwa dole gumba," aliniambia. Unyayo ukibonyea chini ya dole, acha hapo hapo.

Hivi karibuni niliitwa Goba kwa mama mmoja ambaye ng'ombe wake alikuwa hakanyagi mguu wa nyuma. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, huyu hali tangu juzi." Tulimfunga kwenye nguzo za banda, kamba ikapita juu ya boriti, mguu ukainuliwa. Nikauosha kwa maji na brashi. Kwenye ukwato wa nje palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama uzi. Niliufuata kwa ncha ya kisu taratibu, tabaka kwa tabaka, mpaka usaha wa kijivu ukaruka kwa nguvu, na harufu yake anayeijua hawezi kuisahau. Ng'ombe akashusha pumzi ndefu. Niliondoa ukwato wote uliolegea, nikafunga kipande cha ndala chini ya ukwato mzima ili ule mgonjwa usiguse chini. Jioni ile alikula.

Siku hizi viwanja vimepanda bei, mabanda mengi ya Kinondoni yamegeuzwa vyumba vya kupangisha, na ng'ombe wamesogea Kibamba, Chanika na Kigamboni. Lakini bado wapo, na bado wanasimama juu ya saruji. Temeke kuna chuo cha mifugo cha LITA. Kijana anayetoka pale akitafuta kazi, naomba aifikirie hii, maana mafundi ni wachache na wateja wapo.

Nawe mwenye ng'ombe, usisubiri achechemee. Mkate kwato mara mbili kwa mwaka, mara moja iwe wakati unapomkausha kabla ya kuzaa. Mtengee kona ya udongo mkavu au mchanga bandani. Kwato zikioza mpitishe kwenye maji ya mrututu, gramu 50 kwa lita moja, na maji hayo usiyamwage kwenye bustani ya mchicha.