Mchechemeo, si Kigugumizi

Katika orodha moja ya istilahi za video iliyonifikia hapa Hillbrow, mjini Johannesburg, nimekuta kwamba ile kasoro ya picha kwenda kwa kushtuka-shtuka, kamera inapogeuzwa taratibu kutoka upande hadi upande, imepewa jina la "kigugumizi cha picha". Na ingawa nawastahi walioketi kuiandika, siwezi kulinyamazia neno hilo, kwani kuhariri kanda za harusi ndiyo riziki yangu.

Kigugumizi ni taabu ya ulimi. Mwenye nacho hurudia sauti ileile mara mbili, mara tatu, hata neno likamtoka, na aghalabu hapungukiwi hata herufi moja. Ilhali katika kasoro tunayoizungumza hakuna kilichorudiwa, bali kipo kilichopotea. Kwa insafu nakiri kwamba kanda ya fremu 24 ikitiwa katika mradi wa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja hurudiwa kila sekunde, na hapo nawaachia kigugumizi chao. Wengine wamependekeza "mtetemo", nao wamechanganya kosa la hesabu na kosa la mkono uliotikisika. Na wasemao "mruko wa fremu" wametaja sababu iliyofichika ndani ya mashine wakaliacha lile jicho linaloliona.

Neno langu sikulitunga chumbani. Bwana harusi mmoja aliniletea kanda aliyoipiga kwa simu juu ya paa, akiigeuza kutoka Ponte, lile jumba la mviringo la ghorofa 54 lililokamilika mwaka 1975, hadi mnara wa Hillbrow, uliomalizika mwaka 1971 ukiwa na urefu wa mita 269. Simu ilirekodi fremu 30 kwa sekunde, nami mradi wangu nilikuwa nimeuweka kwenye 25, kipimo cha televisheni za Afrika Kusini na za kwetu pwani, chenye asili yake katika umeme wa mizunguko 50, kama 30 ilivyo na asili yake katika umeme wa Marekani wa mizunguko 60. Programu ikatupa fremu moja katika kila sita. Na mnara, ambao kwa wima wa kingo zake hauwezi kuficha lolote, ukawa unapita kwa hatua nne zilizo sawa na ya tano maradufu, mara tano katika kila sekunde. Mama wa bibi harusi, mzaliwa wa Tanga, aliutazama kitambo kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona huo mnara unachechemea?"

Kuchechemea! Ni mwendo wa mtu ambaye mguu mmoja haulingani na mwenziwe, mwendo wenye mpango katika upungufu wake, hatua fupi na hatua ndefu zikipokezana bila kukosea zamu. Na hii ndiyo sifa hasa ya kasoro yetu, ambayo haiji ovyo bali hurejea kwa hesabu. Tena sarufi inalikubali bila kinyongo, kwani kama tiririka ilivyozaa mtiririko na tetema ikazaa mtetemo, ndivyo chechemea inavyozaa mchechemeo. Nililipeleka kwa wahusika pamoja na kurasa mbili za ithbati, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba hilo ni "neno la mitaani", ilhali kitenzi chake kimo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu tangu chapa ya mwaka 1981. Jibu hilo liliniuma, na lingali likiniuma, kwa kuwa istilahi kwa asili yake ya Kiarabu ni ndugu wa suluhu na islahi, nayo maana yake ni jambo walilopatana watu. Sasa wale wasiowauliza wenye kulitumia neno wamepatana na nani?

Kuhusu tiba, mradi na ulingane na kanda tangu mwanzo. Ikishindikana, kanda isiyohitaji sauti yake ipunguzwe mwendo hadi kiasi cha asilimia 83, ili kila fremu ipate nafasi yake, au programu iachiwe kubuni fremu za katikati. Na safari nyingine simu iwekwe kwenye 25 au 50, na kamera igeuzwe polepole zaidi. Ikiwa picha inashtuka kwenye kompyuta ya kuhariria tu, na faili iliyokwisha kutolewa inakwenda sawa, huo si mchechemeo, ni mashine iliyoelemewa. Mnara wa yule bwana harusi niliupunguza mwendo, ukapita mbele ya macho ya mama yule moja kwa moja, naye hakusema neno.