Mkate wa juzi hautupwi

Najua nimepotea, mazoezi ya kufundisha yalinibana, na bumu nalo si mnajua tena. Leo nina stori ya mkate, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia, mtanivumilia kidogo.

Jumamosi nilikwenda nyumbani Mbagala. Nikakuta nusu mkate kabatini, wa juzi, mkavu kama ubao. Nikaubeba kuelekea kwenye ndoo ya taka. Mama akanidaka mkono. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, huu mimi nimeupangia foleni."

Nikacheka, maana mkate wenyewe ulinunuliwa dukani kwa Mangi. Yeye hakucheka.

Mwaka 1983 mama alikuwa darasa la pili, Temeke. Bibi alikuwa anamwamsha alfajiri akashike foleni ya mkate. Akichoka kusimama anaweka jiwe mahali pake. Kuna siku mkate uliisha akiwa amebakiza watu wawili tu mbele yake, akarudi nyumbani analia. Ukipatikana, hauliwi wote kwa mkupuo: leo mlaini, kesho wa kuchoma.

Jamani, sababu za hali ile nimeziandika kwenye mitihani sijui mara ngapi: Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, vita vya Kagera 1978 hadi 1979, mafuta kupanda bei, fedha za kigeni kukauka. Sikuwahi kujiuliza zilifikaje kwenye chai ya asubuhi.

Zilifika hivi. Ngano haistawi Pwani. Wazee wetu walikuwa na mkate wa mofa wa mtama na mkate wa kumimina wa mchele. Mkate wa ngano wa mjini ulitegemea unga wa mbali na mashine za nje. Miaka ya 1970 Canada ilisaidia kuanzisha mashamba makubwa ya ngano Hanang, kwenye ardhi ya malisho ya Wabarbaig, na hapa Dar kiwanda kikubwa cha mikate cha mashine. Mchumi Andrew Coulson alikikosoa kiwanda kile mapema: ni ghali na ajira zake chache, wakati waokaji wadogo wangeweza kazi hiyo hiyo. Sasa fikiria mashine ya nje na dola hakuna. Kipuri kikiharibika utakitoa wapi?

Mimi nilidhani tosti ni mambo ya kishua, ya watu wa Oysterbay wenye tosta. Ni kweli tosta ya umeme ilianza kuuzwa na General Electric huko Marekani mwaka 1909. Lakini nyumbani kwetu mkate ulichomwa ili usitupwe.

Basi mama akanifundisha. Mkaa usiwe na moto mkali, subiri ufunikwe na jivu jepesi. Weka wavu, panga vipande, usiondoke, geuza mara moja. Mkate ukiwa mkavu mno, nyunyizia maji kidogo kwa vidole kwanza. Kwa wenye gesi: kikaango kikavu, moto mdogo, funika dakika moja ili ndani ulainike, kisha funua ukauke juu. Blue Band paka mwisho, ukipaka mwanzo inaungua. Na ile yetu ya bwenini, ya pasi na karatasi ya foili, nilipomsimulia alishika kichwa. Kusema kweli na mimi siwashauri, nimeshaunguza shuka.

Tulikula pale pale jikoni, na chai ya rangi. Mama alikusanya chenga mezani kwa kiganja akazila. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, nikidhani ni ubahili.

Wadau, kwenu bibi na mama wanasemaje kuhusu miaka ile? Waulizeni kabla hamjaenda kuwafundisha watoto wa watu hiyo mada. Tupo pamoja.