Nguvu za wazee wa Kilosa: karne moja ya kupima chakula na misuli

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912. Ilipopenya bonde la Mkondoa katikati ya safari hiyo, Kilosa ikageuka nchi ya mkonge. Kimamba, Rudewa, Msowero na kwingineko mashamba yalitaka mikono mingi kuliko wenyeji walivyokuwa radhi kutoa, ikabidi watu waletwe: Waha kutoka Kigoma, Wabena na Wangoni kutoka kusini, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Hao ndio manamba. Kila mmoja alishika kipande cha siku 30 za kazi, na juu ya ujira alipimiwa posho: unga wa mahindi, maharage, chumvi, mara moja moja nyama.

Posho haikuwa ukarimu. Mkata mkonge aliingia shambani alfajiri na kutoka akiwa amemaliza mafungu aliyopangiwa, na bila misuli korona, mtambo wa kuchakata mkonge, haikupata majani wala meli haikupata singa. Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika iliunda Idara ya Kazi chini ya Granville Orde-Browne, na chakula cha vibarua kikawa jambo la kukaguliwa na kuandikiwa ripoti. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua. Miaka yote hiyo swali lilibaki lile lile: kijana ale nini ili afanye kazi? Alipozeeka, kipande chake kilifungwa na hesabu ya sahani yake ikaishia hapo.

Nasema hivi kwa sababu historia ya protini katika Afrika Mashariki imekuwa historia ya kijana na mtoto. Mzee hayumo.

Kipimo cha misuli kilichojulikana kuliko vyote katika enzi hiyo kilifanyika kwa jirani zetu Kenya. Mwaka 1931 John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland ambaye baadaye aliongoza FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na John Gilks, mkuu wa huduma za tiba wa Kenya, walichapisha matokeo ya kuwapima Wamaasai na Wakikuyu. Waliwashikisha watu dainamomita, chombo cha kubana kwa kiganja, wakasoma nguvu ya mkono. Waliripoti kwamba mwanamume Mmaasai, mlaji wa maziwa, nyama na damu, alimzidi mwenzake Mkikuyu, mlaji wa nafaka na mizizi, kwa urefu wa inchi 5, uzito wa ratili 23 na nguvu ya misuli kwa asilimia 50. Ofisi za London zilishtuka, na lishe ya makoloni ikawa ajenda.

Utafiti ule ulikuwa na kasoro kubwa. Wakikuyu walikuwa wamenyang'anywa ardhi, wamebanwa kwenye hifadhi za wenyeji na kusombwa kwenda kazini. Kuulaumu mlo wao huku mashamba yao yakilimwa na walowezi ni kuacha nusu ya habari. Hata hivyo kuna jambo walilolipata sawasawa: nguvu ya kiganja inasema mengi kuhusu mwili mzima. Hadi leo madaktari wa wazee wanaitumia. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka mwanamume anayebana chini ya kilo 27, au mwanamke chini ya kilo 16, achunguzwe kama misuli yake inapungua kupita kiasi.

Wilaya ya Kilosa ingeweza kuwafaa akina Orr kuliko Kenya, maana hapa mifumo miwili ya kula inaishi bega kwa bega. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wanalima mahindi, mtama, kunde na mbaazi. Waparakuyo na Wamaasai wa Parakuyo na Twatwatwa wanafuga. Kusini, Mikumi, kulikuwa na mfumo wa tatu: nyama ya porini. Hifadhi ya Taifa ilipotangazwa mwaka 1964, kitoweo hicho kikawa kosa la jinai ndani ya mipaka yake. Barabara kuu ya kwenda Zambia ikaleta mji, na mji ukaleta wanunuzi. Leo kuku wa kienyeji anayefugwa nyuma ya nyumba Mikumi ana bei nzuri zaidi kwa abiria na madereva wa malori kuliko kwenye chungu cha aliyemfuga.

Baada ya kijana, zamu ikawa ya mtoto. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akiwa Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi peke yake: wanavimba miguu, nywele zinabadilika rangi, misuli inakwisha. Ndiyo kwashakoo. Daktari Hugh Trowell na wenzake waliuchimba zaidi katika hospitali ya Mulago, Kampala, na kuanzia mwaka 1955 Umoja wa Mataifa ulikuwa na jopo zima la kushauri kuhusu protini. Kisha upepo ukageuka. Donald McLaren, daktari aliyewahi kufanya utafiti wa lishe Tanganyika, aliandika katika jarida la Lancet mwaka 1974 kwamba mbio hizo za protini zilikuwa kosa kubwa, kwani mtoto mwenye njaa anakosa chakula kwa jumla, si protini tu. Mwaka mmoja kabla yake Tanzania ilikuwa imeunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na nguvu zikaelekezwa, kwa haki kabisa, kwa mama na mtoto.

McLaren alikuwa sahihi kuhusu watoto. Lakini protini ilipoondoka jukwaani iliondoka na swali ambalo hakuna aliyekuwa amelikamilisha: la mwili unaozeeka.

Msingi wa swali hilo uliwekwa na mkimbizi. Rudolf Schoenheimer, mwanakemia aliyezaliwa Berlin, aliikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933 akapokewa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huko aliwalisha panya protini iliyotiwa alama kwa nitrojeni nzito, kisha akaifuata alama hiyo mwilini. Wataalamu wengi waliamini mwili wa mtu mzima umekwisha kujengwa na chakula kinachomwa tu kama kuni. Schoenheimer aliikuta alama yake ndani ya nyama yenyewe ya panya. Mwili unabomoka na kujengwa kila siku, kama nyumba ya udongo inayomeguka kwa mvua na kukandikwa upya. Ukiona imesimama, jua kuna mtu anakandika. Kwa mtu mzima kazi hiyo hupitia karibu gramu 300 za protini kwa siku, nyingi zikiwa zile zile za zamani zinazotumika tena. Upungufu unaobaki lazima utoke kwenye sahani.

Sasa fika kwa mzee. Kuanzia umri wa miaka 50 hivi, misuli hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka, na nguvu hupungua haraka zaidi ya hapo. Mwaka 1989 Irwin Rosenberg wa Marekani aliipa hali hiyo jina la sakopenia, akisikitika kwamba jambo kubwa namna hiyo halikuwa hata na jina. Miaka iliyofuata Michael Rennie na wenzake huko Dundee, Scotland, walionyesha kiini chake. Kijana akila protini, hasa yenye wingi wa asidi amino iitwayo lusini, misuli yake huitikia na kujijenga kwa saa kadhaa. Mzee akila kiasi kile kile, misuli huitikia kidogo. Haijakataa kabisa, inataka kuitwa kwa sauti kubwa zaidi. Kijana hutosheka na karibu robo gramu ya protini kwa kila kilo ya uzito katika mlo mmoja. Mzee huhitaji karibu gramu 0.4. Ndiyo maana wataalamu waliokutanisha ushahidi mwaka 2013 walishauri wazee wapate gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa siku, badala ya 0.8 iliyozoeleka. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo pekee ndiye anayepaswa kupunguza, kwa maelekezo ya daktari.

Hapo mila ya nyumbani inagongana na mwili. Tumezoea kusema mzee hali sana, uji unamtosha. Bibi naye, aliyelelewa kuwapa wengine kwanza, anasukuma kipande chake cha samaki upande wa mjukuu na kubaki na mchuzi. Anafanya kwa upendo. Misuli yake ndiyo inayolipa.

Tupige hesabu ya Kilosa. Bibi wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60 kwa siku. Ugali wa gramu 150 za unga unampa kama 12, mboga ya majani mbili au tatu. Akila hivyo mara mbili amefika 30, na sehemu kubwa ni protini ya mahindi, iliyopungukiwa na asidi amino nyingine, laisini. Akiongeza dagaa wakavu gramu 20 kwenye mboga, amepata 12 nyingine. Akila makande yenye gramu 60 za kunde, amepata karibu 14, tena zenye laisini ile ambayo mahindi yamepungukiwa. Waliobuni makande hawakuwa na maabara, lakini walikuwa sahihi.

Kunde hizo zina historia yake hapa hapa. Kilomita chache kutoka mjini Kilosa kipo kituo cha utafiti cha Ilonga, kilichoanza mwaka 1943 kwa ajili ya pamba. Aina za pamba zenye herufi IL zilitoka pale. Baadaye kikawa kitovu cha utafiti wa mahindi, kikatoa aina za Staha na TMV-1, na kikaingia kwenye jamii ya mikunde: kunde, choroko na mbaazi. Mkoloni alikijenga kituo kwa ajili ya viwanda vya nguo, na kikaishia kuzalisha mbegu za protini ya maskini. Kwangu hiyo ni moja ya hadithi nzuri za wilaya hii, na inasimuliwa mara chache mno. Bado mbaazi nyingi za nchi hii hulimwa kuuzwa India. India ilipobana uagizaji mwezi Agosti 2017, bei ilianguka mikononi mwa wakulima, na wengi wakagundua kwamba zao lao halikuwa na soko jingine, hata kwenye vyungu vya majirani.

Chakula peke yake hakitoshi. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone aliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito wakazi 10 wa nyumba ya wazee Boston, wastani wa umri wao miaka 90. Katika wiki 8 nguvu ya mapaja iliongezeka kwa asilimia 174. Miaka minne baadaye alionyesha kwamba kuwapa wazee dhaifu kinywaji cha lishe bila mazoezi hakukuwaongezea nguvu. Upande wa pili ni kitanda: mwaka 2007 wazee wenye afya njema waliolala siku 10 tu walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Mzee anayelazwa kwa malaria au kuvunjika nyonga, Kilosa au Mikumi, anapita njia hiyo hiyo, na ndugu wanaompelekea chakula ndio wanaoamua kama ndani ya bakuli kuna uji mtupu au kuna yai.

Manamba wa mwisho wangali hai. Kijana aliyekata mkonge Kimamba mwaka 1964, mavuno ya nchi yalipofika karibu tani 230,000, akiwa na miaka 20, sasa amevuka 80. Mashamba yalitaifishwa, bei ikaporomoka kwa sababu ya kamba za plastiki, na wengi hawakurudi kwao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu, na hospitali zikafungua dirisha la wazee. Lakini tafiti za kitaifa za afya, zinazofanyika tangu 1991, huwapima uzito watoto chini ya miaka mitano na wanawake wa miaka 15 hadi 49. Bibi anayempeleka mjukuu kliniki anashuhudia mkono wa mtoto ukizungushiwa utepe. Wake haugusi mtu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wameshaanza kupima udhaifu wa wazee vijijini, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haiwezekani.

Na kipimo kimoja hakihitaji dainamomita wala maabara. Mzee akae kwenye kiti cha kawaida, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano bila kushika chochote. Akizidisha sekunde 15, misuli yake inahitaji kuangaliwa. Zahanati yoyote ya Rudewa, Tindiga au Mikumi inaweza kuanza wiki hii, mzee akiwa bado kwenye foleni ya dirisha lake.