Kutoka Kana hadi Mota: Historia ya Kushika Usukani katika Pwani ya Afrika Mashariki

Kushika usukani ni kazi tatu zilizounganishwa katika mwili wa mtu mmoja: kuangalia bahari na mbingu, kukadiria chombo kinaelekea kupotokea upande gani, na kutumia nguvu ili kukirudisha katika njia yake. Historia ya vyombo vya tanga katika magharibi ya Bahari ya Hindi yaweza kusomwa kama historia ya kuzitenganisha kazi hizo, kwa kuwa kila kizazi cha mafundi kilihamisha sehemu fulani ya mzigo kutoka mkononi mwa baharia na kuitwika kamba, mti, chuma au, katika karne ya 20, mota ya umeme. Mtambo wa kujiongoza, yaani kifaa kinachoshika usukani badala ya mtu, ambao siku hizi hufungwa chini ya sitaha ya yoti za safari ndefu, ni hatua moja ya mfululizo huo, na maana yake hudhihirika ukilinganishwa na hatua zilizoutangulia.

Historia hiyo inawahusu hata watu wa bara. Kangeta, mji wa Igembe katika miinuko ya Nyambene, Kaunti ya Meru, uko mbali na maji ya chumvi. Hata hivyo masimulizi ya Wameru, Waigembe wakiwa miongoni mwao, yanataja chimbuko lao kuwa Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji makubwa, ambapo wazee wao walitumikishwa na watu wenye nguo nyekundu kabla hawajatoroka. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, koo zilipata majina ya rangi kutokana na wakati wa kuvuka: Njiru, yaani weusi, walivuka usiku, Ntune, yaani wekundu, walivuka kulipopambazuka, na Njeru, yaani weupe, walivuka mchana. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya kumbukumbu za wazee wa Meru, alipendekeza kuwa Mbwaa ilikuwa katika kisiwa cha Manda, jirani na Lamu, pendekezo ambalo halikukubaliwa na watafiti wote. Likikubaliwa, basi wahamaji hao waliokumbukwa kwa kuvuka kwa miguu waliondoka katika visiwa ambavyo wenyeji wake walikuwa miongoni mwa mabingwa wa kuvuka kwa mbao na matanga.

Chombo kilichowapa sifa watu wa visiwa vya Lamu ni mtepe, ambao mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake la pembe nne lilikuwa la mkeka. Ufundi wa kushona vyombo ni wa kale sana katika pwani hii, kwani kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1 kuhusu biashara ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi kinataja mashua zilizoshonwa katika bandari ya Rhapta. Usukani wa mtepe nao ulishikizwa kwa kamba kwenye fashini, yaani mti uliosimama nyuma kabisa, upande wa tezi. Mafundi waliendelea kuunda mitepe hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha majahazi ya misumari yakachukua nafasi yake.

Kwamba usukani wa katikati ya tezi ulijulikana mapema katika bahari hizi kunathibitishwa na mchoro wa Yahya al-Wasiti wa mwaka 1237, uliomo katika nakala ya Maqamat ya al-Hariri, unaoonyesha jahazi lenye usukani wa namna hiyo. Karne mbili na nusu kabla ya mchoro huo, mwanajiografia al-Muqaddasi alieleza jinsi vyombo vilivyopita kati ya miamba ya Bahari ya Shamu: nahodha alikaa juu akiyachungulia maji, akiuona mwamba alipaza sauti kutaja upande, vijana wawili waliirudia amri hiyo, na mshika usukani, mwenye kamba mbili mikononi, akavuta ya kulia au ya kushoto. Maelezo hayo mafupi yana uzito mkubwa, kwa sababu yanaonyesha kuwa kazi tatu za usukani zilikwisha kugawanywa kati ya watu wanne zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: macho yalikuwa juu, uamuzi ulikuwa huko huko, na nguvu ilikuwa chini katika kamba.

Katika majahazi ya Lamu, Mombasa na Zanzibar, usukani uligeuzwa kwa kana, yaani mti mrefu uliochomekwa juu ya usukani na kushikwa na baharia aliyekaa tezini. Kana ilimpa mshikaji habari pamoja na nguvu, kwa kuwa tanga lililojaa upepo wa kusi huelekea kukipeleka chombo joshini, upande unakotoka upepo, na uzito wa mvuto huo huhisiwa kiganjani kabla jicho halijauona mgeuko wa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Dira na elimu ya nyota, ambayo Ahmad ibn Majid wa Oman aliikusanya katika maandishi yake mwishoni mwa karne ya 15, ziliongeza usahihi wa mwelekeo lakini hazikupunguza kazi ya mkono. Rubani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 alijua pa kwenda na wakati wa kwenda, na merikebu za da Gama zilifika karibu na Calicut katika mwezi wa Mei. Hata hivyo, usiku na mchana, ilibidi watu wapokezane usukani zamu kwa zamu. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar katika msimu wa 1938 na 1939, alizikuta zamu hizo zikiendelea, ingawa katika majahazi makubwa kana ilikuwa imekwisha kuachia nafasi gurudumu.

Kabla ya wakati huo wahandisi wa merikebu za chuma walikuwa wameanza kutafuta namna ya kumpumzisha mshika usukani. Dira ya jairo, yaani dira inayotegemea gurudumu lizungukalo kwa kasi badala ya sumaku, ilipatikana kati ya 1908 na 1911 kwa juhudi za Hermann Anschütz-Kaempfe wa Ujerumani na Elmer Sperry wa Marekani, na miaka ya 1920 kampuni ya Sperry ilianza kuunganisha dira hiyo na mota ya usukani. Msingi wa nadharia uliwekwa na Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi, katika makala aliyoichapisha mwaka 1922. Minorsky alitambua kuwa baharia hodari hatazami tu kiasi ambacho chombo kimepotoka, bali hupima pia kasi ya mgeuko, akaanza kuurudisha usukani kabla omo haijafika inapotakiwa, na tena hukumbuka upotofu unaojirudia, kama ule unaoletwa na upepo wa upande mmoja, akauweka usukani pembeni kidogo muda wote. Mambo hayo matatu aliyageuza kuwa hesabu, na mtambo uliofuata hesabu hiyo ukajaribiwa katika manowari ya New Mexico. Kwa hiyo mashine ilianza kwa kusoma tabia ya mkono, na ujuzi ambao mwana wa jahazi aliupata kwa miaka ya kushika kana ndio uliotiwa katika nyaya.

Vyombo vidogo vya tanga, visivyokuwa na umeme wa kutosha, vilipita njia nyingine. Katika mashindano ya kuvuka Atlantiki ya mwaka 1960, Blondie Hasler na Francis Chichester, kila mmoja akiwa peke yake chomboni, walitumia bango linalogeuzwa na upepo kuamuru usukani. Kuanzia miaka ya 1970 mitambo ya umeme ilipungua ukubwa na bei, na hivyo ikaenea katika yoti, zikiwemo zile zinazotia nanga katika hori za Mtwapa na Kilifi.

Ufungaji wa mtambo huo chini ya sitaha unaonyesha jinsi mgawanyo wa kale wa kazi tatu ulivyorudi kwa sura mpya. Nguvu hutolewa na mkono wa chuma unaosukuma na kuvuta, ukiendeshwa na mota au na mafuta yenye shinikizo, na fundi huufunga kwenye nguzo ya usukani kwa kana fupi ya peke yake, ili gurudumu la juu likikatika kamba mtambo uendelee kufanya kazi. Usukani ukiwa katikati, mkono huo sharti ufanye pembe mraba na kana yake. Na vizuizi vya usukani sharti viuzuie kabla mkono haujafika mwisho wa urefu wake, la sivyo wimbi moja zito litauvunja. Kitako chake hufungwa kwenye kiungo kikuu cha ubavu wa chombo, kamwe si kwenye ubao mwembamba, kwa sababu msukumo wake hufikia mamia ya kilo. Dira ya umeme huwekwa karibu na katikati ya chombo, ambako mrusho wa mawimbi ni mdogo, mbali na injini, spika na chuma chochote, na nyaya za betri huchaguliwa nene ili umeme usipungue njiani.

Kazi ya kuangalia, hata hivyo, haikuhamishwa. Mtambo hauwezi kuiona mitumbwi ya wavuvi isiyo na taa wala gogo linaloelea, na Kanuni ya 5 ya sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 inadai kila chombo kiwe na uangalizi wa macho na masikio wakati wote. Kukesha ni kazi ambayo Kangeta inaijua kwa njia yake, kwa kuwa mji huo umeipa jina aina mojawapo ya miraa, matawi yanayochumwa Nyambene, yakafungwa katika majani ya migomba na kukimbizwa mijini kabla hayajapoteza nguvu, ambako walinzi na madereva wa usiku huyatafuna ili kufukuza usingizi. Watu wa kazi za usiku huzidiwa na usingizi kabla nguvu hazijawaishia, na katika hilo baharia hatofautiani nao. Mota imempunguzia baharia uchovu wa mkono, lakini imemwachia zamu ndefu isiyo na la kufanya, na zamu ya namna hiyo humvuta mtu usingizini upesi kuliko kana nzito.