Neno la Herufi Tatu

Katika lugha ya Kiingereza liko neno la herufi tatu, run, ambalo mtoto hulijua kwanza kwa maana ya kwenda mbio, na ambalo mtu mzima aweza kulitumia umri wake wote pasipo kuzimaliza maana zake. Mto ukitiririka, pua ikichuruzika, nguo ikichuja rangi, mtambo ukizunguka, mtu akiendesha duka au akigombea kiti cha siasa, Waingereza huyatamka yote hayo kwa neno hilo moja.

Kuziainisha maana hizo kulishika kasi mwaka 1879, wakati James Murray, mwalimu mzaliwa wa Uskoti, alipofanya mapatano na matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford kutunga kamusi ambayo ndani yake kila maana ingethibitishwa kwa sentensi zilizonukuliwa vitabuni pamoja na tarehe zake. Kazi iliyotarajiwa kwisha kwa miaka 10 ilikamilika mwaka 1928, ilhali Murray mwenyewe alikwisha fariki mwaka 1915, na herufi R iliangukia mikononi mwa mwenziwe, William Craigie. Walakini sifa kubwa, kwa rai yangu, ni ya wasomaji wa kawaida walioitika mwito wa Murray, wakanakili sentensi katika vikaratasi na kuvipeleka kwa mamilioni. Na miongoni mwao alikuwamo William Minor, tabibu wa Kimarekani aliyezuiliwa katika hospitali ya wendawazimu ya Broadmoor kwa kuua mtu, ambaye msaada wake ulikuwa adhimu.

Katika toleo la mwaka 1989 neno lililoshika taji lilikuwa set, lenye maana 430. Lakini Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi hiyo, alipolirudia run kwa muda wa miezi tisa, alipata maana 645 za kitenzi peke yake. Sababu moja kubwa ni mitambo: treni, saa, injini, hata kompyuta, kila chombo kipya kilipowasili kilihitaji kitenzi, na watu wakakiazima kile kilichokuwa karibu na ndimi zao.

Nasi katika Kiswahili tunacho kitenzi cha namna hiyo, piga. Twapiga hodi, magoti, mbizi, ramli, pasi, chapa, kura na picha. Waya wa telegrafu ulifika Unguja mwaka ule ule wa 1879, na aliyepiga simu zamani alipeleka habari kwa waya huo kabla ya watu kusikizana sauti. Kamusi ya Kiswahili ya A. C. Madan, iliyochapwa huko huko Oxford mwaka 1903, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimetuhifadhia maana nyingi kwa uangalifu. Lakini hazitwambii kila maana iliandikwa lini kwa mara ya kwanza, wala na nani.

Basi wewe msomaji uliye na barua za babu yako kwa hati ya Kiarabu, au utenzi uliofungwa sandukuni, au nakala za gazeti la Mambo Leo za tangu mwaka 1923, usiziachie mchwa. Nakili sentensi, andika mwaka na jina la mwandishi, kisha ufikishe amana hiyo kwa wataalamu wa lugha wa Dar es Salaam, Unguja au Nairobi.